Mabawa Hayahesabiwi

Bosi mpya aliifungia grisi kabatini wiki yake ya kwanza kazini. Miaka kumi na tisa nimetega mbung'o katika bonde lile, na kila nguzo ya mtego naipaka grisi kwanza ili sisimizi wasipande.

"Harufu ya grisi inafukuza mbung'o," alisema. "Inaharibu utafiti."

"Bosi, bila grisi sisimizi watawamaliza wote."

"Umesoma wapi hayo?"

"Mtegoni."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Niliacha shule darasa la tano, na kituoni naitwa Mzee wa Mkojo kwa sababu mimi ndiye ninayebeba madumu ya mkojo wa ng'ombe, chambo chetu. Jina hilo halinichukizi. Kinachonichukiza ni mtu kuniuliza swali akiwa ameshalikataa jibu.

Mtego wenyewe hauna uchawi: kitambaa cha bluu na cheusi, juu yake chandarua, na juu kabisa kikombe cha plastiki. Mbung'o anaipenda bluu, anaingia, anaufuata mwanga, ananasa kikombeni. Asubuhi nahesabu na kujaza karatasi. Hesabu ikiwa kubwa, timu ya wapima damu inakwenda vijiji vya jirani kutafuta wagonjwa wa malale. Ikiwa ndogo, inakwenda kwingine. Na hatua mia tatu kutoka mtego wa sita anaishi mdogo wangu wa kike, tumbo moja.

Asubuhi ya kwanza bila grisi nilikuta vikombe vimejaa sisimizi. Mbung'o hakuna hata mmoja. Chini kabisa, mabawa tu, kwa sababu hayo hawayawezi. Bawa la mbung'o nalijua: katikati lina alama kama shoka, hakuna nzi mwingine aliye nayo. Niliyakusanya kwenye bahasha, mitego yote kumi, nikahesabu mara mbili. Mia nne na kumi na mawili. Gawa kwa mbili. Hata darasa la tano tulifika hapo.

Bosi hakuifungua bahasha.

"Mwongozo unasema mbung'o. Mabawa hayahesabiwi."

"Kwani yamekuja yenyewe kwa miguu?"

"Andika sifuri."

"Siandiki."

Aliandika mwenyewe na kutia saini yake. Akaandika sifuri miezi mitatu mfululizo. Mimi kila asubuhi nilijaza bahasha, nikaandika tarehe, nikaitupia kwenye sanduku langu, nikanung'unika. Kunung'unika! Kazi ya kuku aliyenyeshewa. Nilipaswa kupiga meza.

Kisha ripoti ikatoka: bonde ni safi. Timu ya damu ikapelekwa ng'ambo ya mlima.

Wiki ileile shemeji yangu alinitumia mtu: njoo umchukue dada yako. Kwa sababu ya mdomo wa mwanaume huyo nilikuwa sijakanyaga kwake tangu mwaka uanze. Nilifika saa tano, jua kali. Mdogo wangu alikuwa amelala mkekani, sufuria inaungua jikoni.

"Mlinioza mke au gunia?" shemeji aliniuliza hata kabla ya salamu.

"Ameanza lini?"

"Ana miezi. Mchana analala, usiku yuko uani anabishana na kuku. Zahanati wamempa dawa za malaria mara tatu. Mimi nasema ni uvivu."

Nilipiga magoti na kumpapasa nyuma ya shingo. Vinundu, kama kunde chini ya ngozi.

"Kaka," alisema bila kufungua macho, "mwambie huyo anyamaze. Maneno yake yananikwaruza."

"Shemeji, hii ni malale. Kwa nini hukumpeleka hospitali kubwa?"

"Malale?" Alinikazia macho. "Si kituo chenu kimesema bonde ni safi? Mwenyekiti alitusomea karatasi. Nilitaka kumpeleka, nikaambiwa huku hakuna mbung'o. Mmesema nyie!"

Nilikuja na matusi ya kumpa. Nikayaacha, maana safari hii mwanaume yule alikuwa anasema kweli.

Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yetu, tukamshikilia asidondoke. Hospitalini walimtoa damu, kisha maji ya uti wa mgongo. Daktari wa wodi, mama mmoja asiyepoteza maneno, alirudi na majibu.

"Vijidudu vimeshafika kwenye ubongo. Tutamtibu, lakini atabaki na nini, sijui. Mnatoka wapi?"

Nilimwambia.

"Huko si pasafi?"

Siku iliyofuata nilimletea bahasha zote na nakala za karatasi za sifuri. Alilitazama bawa moja kwa kioo cha kukuzia, akatukana taratibu, akapiga simu kwa wapima damu. Waligeuza gari. Walipata wagonjwa tisa vijiji vya bondeni, mmoja mtoto wa kunyonya.

Bosi alikuja hospitalini Jumatatu. Alikaa nami kwenye benchi la korido, akatoa karatasi mpya kwenye faili.

"Mzee wangu," alianza. Leo nimekuwa mzee wake. "Grisi nimeitoa. Sasa tujaze hesabu zako, za mabawa, kwa tarehe zilezile. Wewe utie saini tu hapa chini."

"Siku hizi mabawa yanahesabiwa?"

"Tusirudi huko. Ni kwa faida ya utafiti."

"Na karatasi za sifuri?"

"Zitaondolewa."

"Haziondoki. Nimempa daktari nakala. Saini yako ipo pale, kubwa, ina mkia. Nani alisema bonde ni safi? Wakubwa wako wasome wenyewe."

"Utanifukuzisha kazi, mzee. Nina familia."

Watu wawili kwenye benchi la pili waligeuka, kwa sababu nilisimama na sauti ikanitoka.

"Jana mdogo wangu aliniuliza mimi ni mgeni wa nani! Nimembeba mgongoni huyo, nimemfundisha kutembea! Unaniambia kazi?"

Muuguzi alitokeza mlangoni akauliza nani ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha nne, aje amshike mikono, sindano inaanza na mgonjwa anapigana. Niliingia. Nyuma yangu nilisikia bosi bado anaita mzee wangu, mzee wangu.