Zamu ya Ndaya

Miaka yote Ndaya alipokuwa kwenye foni, ile redio ya reli pale Kamina, sheria ilikuwa moja: wakisema wawili kwa pamoja, hasikiki hata mmoja. Unangoja wa upande wa pili aseme "à vous", zamu yako, ndipo unabonyeza. Kasanda, mdogo wa marehemu mumewe, aliongea naye hivyo kutoka Kinkondja mara nyingi, hata siku Ndaya alipokataa kurithiwa naye.

Sasa mwanawe Mwanza alikuwa amekufa maji ziwani Kisale. Mvua ilikata barabara ya Kabondo-Dianda kwenda Kinkondja, na maiti haikuweza kungoja. Kasanda alikubali jambo moja tu: mama ataaga kwa simu ya picha kabla jeneza halijafungwa.

Djo, mpwa wa Ndaya aliyemwita tantine, alifunga antena mpya ya intaneti juu ya bati la nyumba yake Kamina.

"Hii iko mupana, tantine. Zamani basoda ba vita njo balitawanya sauti mu mawimbi mingi, adui asiishike. Foni ilikuwa kanjia ka muntu moya. Huku sauti na picha vinapita pamoja, hakuna kungojana."

Kwenye simu aliyoishika Djo, uso wa Mwanza ulikuwa umevimba. Hata uzi wa shati ulionekana. Ndaya alikuwa na neno moja la kumwambia, jina alilomwita mwanawe akinyonya, ambalo wawili hao tu walilijua.

Kule Kinkondja wanawake walilia, katekista aliimba, Kasanda aliamrisha, yote kwa pamoja. Ndaya akangoja. Mkono wake ulikuwa umekunjwa kifuani kana kwamba umeshika kipaza sauti, kidole gumba juu.

"Sema, tantine."

"Kasanda bado anasema."

Kasanda akasogea, akakiona kile kidole kwenye kioo cha simu, akakitambua.

"Mama hana neno," akawaambia watu. "Tangu zamani hana neno na ukoo wetu. Mufunge."

Djo akaomba wangoje, hakuna aliyegeuka. Ndaya alifumbua mdomo, lakini Kasanda hakunyamaza. Aliwasifu wapiga nyundo, akasimulia mvua, akasimulia bei ya mbao. Misumari ilisikika mmoja mmoja, bila mkwaruzo. Sanduku liliposhuka kaburini, Kasanda akaleta mdomo karibu na simu.

"À vous, shemeji."

Kidole kikashuka. Ndaya akalitaja lile jina, na majembe yakaanza.

"Tunakupata muzuri sana," alisema Kasanda.