Mfua Nguo na Mpishi wa Kambi

Kazi ya msimu hifadhini huanza nyumbu wanapoukaribia mto Mara, na huisha mvua zinapoanza kuharibu barabara. Kwa miezi hiyo mahema husimamishwa chini ya vilima vya Lamai, wageni wanalala humo, na watu wa vijiji vya Tarime na Serengeti wanapata ajira ya kufua, kupika, kutandika vitanda na kubeba maji. Msimu ukiisha mahema hukunjwa, na kila mtu anarudi kwao.

Robi wa Itiryo alipata kazi ya kufua. Alikuwa mjane anayekaribia miaka hamsini. Marehemu mume wake alimwachia mtoto mmoja, Waitara, ambaye sasa aliendesha bodaboda Sirari, na mama mkwe mmoja, Mogesi, ambaye hakuwa na mtu mwingine. Wanawake hao wawili walilima pamoja, wakala pamoja, na wakabishana kutwa. Walibishana kuhusu mbegu, kuhusu mbuzi, hata kuhusu chumvi ya kwenye mboga. Lakini habari ya kazi ilipofika, Mogesi ndiye aliyemfungia Robi mzigo.

"Nenda," alisema. "Shamba halijakuoa. Binti wa jirani atanichotea maji. Ukirudi uniambie hao wageni wanapanda ndege kuja kuangalia nyumbu kwa nini, maana sisi nyumbu tumewaona mpaka tumewachoka."

Kumbe Robi mwenyewe hakuwa amewahi kuingia hifadhini. Wiki ya kwanza alifua huku shingo imegeuka nyuma. Ngiri wakipita karibu na kamba ya nguo, aliacha beseni na kusimama juu ya benchi. Mashuka yalikuwa meupe na mengi, vumbi la barabarani jekundu, na maji ya moto yalitoka mahali pamoja tu, jikoni kwa Nikolaus.

Nikolaus alikuwa mpishi mkuu, mtu wa Kenyamonta, mgane mwenye mvi kidogo masikioni na tumbo la mtu anayeonja chakula chake mwenyewe. Alioka mikate kwenye sanduku la bati lililofukiwa mkaa juu na chini, na wageni walikuwa wakija jikoni kuipiga picha. Jambo hilo lilimpa kiburi kidogo. Robi alipofika mara ya kwanza na ndoo yake, mpishi hakugeuka.

"Maji haya ni ya chai."

"Na mashuka je, baba? Wageni walale kwenye vumbi wakinywa chai?"

Vijana wa jikoni wakacheka. Nikolaus akamjazia ndoo. Ikawa hivyo kwa siku nyingi: ndoo inakuja, ndoo inajazwa, salamu ya juu juu, basi.

Tembo ndiye aliyewafanya waongee. Alikuwa dume kubwa, peke yake, akaja mchana wakati wageni wako porini na kambi imetulia. Alikuwa akitafuta maji ya tangi. Alipita katikati ya kamba za nguo, kamba ikakatika, na mashuka mawili yakabaki yananing'inia kwenye pembe zake. Robi hakumbuki alivyokimbia. Alijikuta yuko chini ya meza ya jikoni, kati ya gunia la viazi na miguu ya Nikolaus.

Nikolaus alisimama mlangoni mwa hema akiwa ameshika kijiti cha kusukumia chapati. Tembo alikunywa, akajimwagia maji, akaondoka taratibu akiburuta shuka moja mpaka vichakani.

"Ulitaka kumfanya nini na hicho kijiti?" Robi aliuliza kutoka chini ya meza.

Nikolaus alikitazama kile kijiti kana kwamba kimewekwa mkononi mwake na mtu mwingine. "Sijui," alisema. "Labda ningemsukumia chapati."

Robi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Nikolaus akalazimika kumvuta mkono ili atoke kule chini. Tangu siku hiyo, akimaliza kuanika, alikaribishwa chai. Walikaa nyuma ya jiko kwenye magogo, wakasikilizana lugha. Robi Mkurya, Nikolaus Mngoreme, maneno yao yakifanana kama watoto wa mama wadogo, na pale yalipotofautiana kila mmoja alidai mwenzake ndiye aliyeyaharibu. Robi alimweleza juu ya Mogesi na mabishano yao. Nikolaus alimweleza juu ya marehemu mke wake Philomena, na juu ya binti yake Agness aliyekuwa akikaa nyumbani Kenyamonta na wanawe. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Walikuwa watu wazima, na kambi ina masikio mengi.

Ndipo Nikolaus akaungua. Kijana mmoja alijikwaa jikoni, sufuria ya mafuta ikayumba, Nikolaus akaidaka asije kijana akamwagikiwa. Mafuta yakamshukia mkono wa kulia kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Gari la kambi lilimpeleka hospitali Mugumu, akarudi mkono umefungwa bandeji kama mtoto aliyevishwa soksi.

Meneja wa kambi, Sarah, hakuwa mtu mbaya, lakini wageni wengi walikuwa njiani. "Baba Nikolaus," alimwambia kwa upole, "nyumbani utapona vizuri zaidi. Nitatafuta mpishi mwingine amalizie msimu."

Nikolaus aliinamisha kichwa. Robi, aliyekuwa akipita na rundo la taulo, alisimama.

"Samahani, meneja. Mdomo wake haujaungua."

"Unasemaje, mama?"

"Nasema mkono umeungua, mdomo mzima. Yeye akae aseme, mimi nitafanya. Nguo nitafua alfajiri."

Sarah aliwatazama wote wawili, kisha akasema wajaribu, waone.

Mikate ya kwanza ilitoka migumu, wafanyakazi wakaitumbukiza kwenye chai na kuila kwa huruma. Ya pili iliungua chini. Nikolaus alikaa kwenye kiti, mkono kifuani, akiteseka kuliko alivyoteseka hospitali. Hakuwa amezoea kutazama. Siku moja uvumilivu ulimwishia, akapaza sauti mbele ya vijana wote.

"Unakanda unga au unafua shuka? Polepole, mwanamke!"

Robi alifuta mikono, akavua aproni, akaiweka juu ya meza bila kuikunja, akatoka.

Jiko lilikwama. Vijana walitazamana. Baada ya muda Nikolaus aliinuka, akaenda mpaka kwenye mabeseni, akakuta Robi anasugua taulo kwa nguvu ambayo taulo halikustahili. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akachukua soksi ya mgeni kwa mkono wa kushoto na kuanza kuisuuza. Robi alimwacha asuuze. Alisuuza ya kwanza, ya pili, akaangusha moja matopeni, akaiokota, akaanza upya.

"Nimezoea kuwafokea vijana," alisema hatimaye.

"Mimi si kijana."

"Najua."

"Na mimi sikuomba kazi yako. Nilitaka usirudishwe."

"Najua pia." Aliitazama soksi. "Ulipotoka, Robi, jiko limekuwa kubwa. Sijui nisemeje. Limekuwa kubwa tu, halina mtu."

Robi aliendelea kusugua, ila sasa kwa utaratibu. Alipomaliza alisema, "Hiyo soksi bado chafu," akaichukua mkononi mwake. Jioni hiyo alirudi jikoni na kukanda unga, na Nikolaus alimweleza kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mwenzake njia. Mikate iliumuka. Mgeni mmoja mzee aliomba kipande kingine, na Nikolaus, badala ya kuinama yeye kupokea sifa, alimwonyesha kwamba aliyeoka ni Robi.

Mkono ulipona kidogo kidogo. Bandeji ilipoondolewa ngozi ilibaki laini na ya waridi, na hakuweza kukunja vidole vyote sawasawa. Robi angeweza kurudi kwenye nguo zake moja kwa moja, lakini hakuna aliyelitaja jambo hilo, hata Sarah. Meneja huyo aliajiri msichana mwingine wa kusaidia kufua, akawaacha.

Siku moja wageni walipokuwa wamekwenda uwanja mdogo wa ndege, Sarah aliwaruhusu wafanyakazi wapande gari wakaone nyumbu wakivuka mto. Robi alikuwa amewasikia wakilia kwa wiki nzima, sasa aliwaona. Walishuka ukingoni kama maji yanayomwagika, wakajitupa, wakaogelea vichwa juu, wakapanda upande wa pili wakiteleza. Ndama mmoja alifika ng'ambo, akageuka, akasimama analia. Mama yake alikuwa bado upande wa huku. Yule ndama akarudi majini.

"Mjinga wee!" Robi alisema kwa sauti, akashika mkono mzima wa Nikolaus. "Si amngoje kule kule!"

Ndama alivuka kurudi, wakakutana ukingoni, kisha wakaingia tena mtoni pamoja. Robi hakuuachia ule mkono mpaka walipotoka salama. Na hata hapo hakuuachia.

"Msimu unaisha," Nikolaus alisema, akiangalia mto. "Miaka mingine nilikuwa nafurahi. Mwaka huu sitaki uishe. Wewe utakwenda Itiryo, mimi Kenyamonta. Ningependa twende mahali pamoja."

Moyo ulimwenda Robi mbio, akajishangaa, kwa umri wake.

"Mimi nina mama," alisema.

"Mama yako mzazi?"

"Mogesi. Hakunizaa, lakini ni mama. Siwezi kumwacha peke yake."

"Sijasema umwache," Nikolaus alijibu. "Nitakuja kumsalimia."

Alikuja kweli, mwezi baada ya mahema kukunjwa. Alikuja na kaka yake Ezekiel, kwa kuwa mambo hayo mtu haendi peke yake, wakiwa wamevaa makoti, wamebeba sukari na kitenge cha mama. Waitara naye alikuwa amefika kutoka Sirari, uso umekunjamana. Nikolaus alimpa Mogesi shikamoo, na Mogesi akaitikia marahaba bila kuongeza kitu. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka mvi.

Wakati Ezekiel anazunguka na maneno ya adabu, harufu ya kuungua ilitokea jikoni. Robi alikuwa amekwenda kisimani. Mogesi hakunyanyuka, magoti yalimsumbua. Nikolaus alijaribu kuvumilia. Alimtazama kaka yake, akatazama mlango, akashindwa. Alivua koti, akaingia jikoni akainamia moto, na kilichofuata kilikuwa sauti ya mwiko. Aliinusuru mboga, kisha akaona ugali haujasongwa, akausonga. Jirani mmoja alichungulia juu ya uzio wa minyaa, akaita wenzake. Robi aliporudi na maji alikuta wanawake wanne uani wanamtazama mwanaume mwenye tai akipakua.

Mogesi alianza kucheka taratibu, mabega yakitetemeka. Alikula, akanawa, ndipo akasema, "Chumvi imetosha. Miaka yote hii namwambia Robi kuhusu chumvi."

"Mama!" Robi alilalamika.

"Bibi, hii si mchezo," Waitara akasema. "Watu wataongea. Mjane wa hapa atoke aende kwa Wangoreme, boma libaki na nani? Watasema nini?"

Mogesi aliacha kucheka. "Nilipougua macho, mura, mjukuu wangu, nilibebwa mgongoni mpaka kwenye gari la Tarime. Hawakunibeba watu. Alinibeba huyu mama yako, na mvua inanyesha. Hao wanaosema walikuwa wapi?"

Waitara alimtazama mama yake, na pengine kwa mara ya kwanza aliona kwamba alikuwa amenawiri, kwamba alikuwa amesuka nywele. "Mathe, wewe mwenyewe unataka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nataka," Robi alisema.

"Basi sawa. Boma nitalishika mimi."

"Bado," Mogesi alisema. Aliwageukia wageni. "Ninyi mmeomba mtu mmoja. Mimi huyu simtoi peke yake. Akienda, tunakwenda wote wawili. Nimebishana naye miaka yote hii, siwezi kuanza kubishana na kuku."

Ezekiel alikohoa. Haikuwa imesikika katika ukoo wao kwamba bibi harusi anakuja na mama mkwe wake wa zamani. Lakini Nikolaus alishakubali kabla kaka yake hajamaliza kukohoa.

"Chumba kipo, mama. Kina dirisha upande wa jua."

Wazee walikaa mara kadhaa, mambo ya ng'ombe yakazungumzwa, yakaisha bila ugomvi. Ndoa ilifungwa kanisani Kenyamonta, na Mogesi alisimama mbele kabisa akiwa na kitenge chake. Shida iliyobaki ilikuwa namna ya kumwita Nikolaus. Kama ni mkwe, mila ingemtaka Mogesi ajitenge naye, wasile hata sahani moja. Alifikiri siku mbili, kisha akatangaza kwamba Robi ni binti yake kwa kazi, Nikolaus ni mwanawe kwa chakula, na asiyeelewa akaulize kwingine.

Mwezi Juni gari la kambi lilikuja kuwachukua Robi na Nikolaus, wote wawili wakiwa wameandikwa kazi ya jikoni. Mogesi alibaki na Agness na watoto, ambao tayari walikuwa wakimfuata kila aendako. Alitoka mpaka barabarani, akaegemea fimbo, akampungia mkono Robi, halafu akamwita Nikolaus asogee dirishani.

"Msimu huu ukiisha," alisema, "umrudishe mwenyewe. Usimpe mtu mwingine amlete."

"Nitamleta mwenyewe, mama," alisema Nikolaus, na gari likaondoka.