Valvu Zenye Vichwa Vyeusi

Mume wangu Damas alitoa ahadi yake mbele ya shahidi, akiwa na kipande cha muhogo mkononi, na ndiyo maana sikumwachia aisahau. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Jirani yetu Dorkasi alikuwa amekuja kunywa chai, na mimi kwa mara nyingine nilikuwa namwomba Damas tufuatane kwenye masomo ya jioni. Mimi nasoma ufundi wa redio, na chumba cha pili kutoka chetu kuna darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Damas hajui kusoma. Anaweza kuifumua baiskeli nzima na kuirudisha bila kubakiza nati hata moja, lakini akikutana na jina lake mwenyewe limeandikwa mahali, analipita kama mtu asiyefahamiana naye.

Siku hiyo alijibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na yeye amekwisha kuwa ng'onda. Nikamwambia kwamba mimi nimeanza nikiwa na wajukuu, na bado nakunjika. Dorkasi alicheka mpaka chai ikampalia. Ndipo Damas akaelekeza muhogo wake kwenye kona ya sebule, ilipokaa redio ya marehemu baba yake.

"Mama Elieth," alisema, "siku hilo kabati likiimba, nitakuja darasani na wewe."

Alijua anachoahidi. Redio hiyo ni ya mbao, kubwa kama sanduku la bibi harusi. Baba mkwe aliachiwa na padri mmoja ambaye yeye alikuwa akimpikia huko Kondoa, padri aliporudi kwao. Akaipeleka kijijini Busi, ambako wakati huo umeme haukuwepo hata wa kusikia, na redio ikakaa miaka na miaka chini ya kitambaa cha kufuma, kama mgeni wa heshima ambaye hakuna anayejua lugha yake. Ilipotufikia sisi hapa Msalato kwa urithi, umeme tulikuwa nao, lakini yenyewe ilikuwa imekufa. Damas aliona ameahidi juu ya kaburi.

Asichojua ni kwamba nilikuwa nimeanza novena, sala za siku tisa, kwa nia hiyohiyo ya kumpeleka darasani. Niliposikia maneno yake nilitamani kuruka. Nilijizuia nikamwongezea chai.

Siku iliyofuata niliifunga redio kwenye keria ya baiskeli nikaisukuma mpaka darasani. Mwalimu wetu, Brighton, ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, lakini akishika bisibisi anakuwa mzee. Aliufungua mgongo wa redio, akapuliza vumbi, akafurahi kama aliyeletewa mtoto wa kubatizwa. Tulibadilisha nyaya zilizotafunwa na panya na vitu vingine vidogo. Mwishoni akasema mwili ni mzima, ila valvu mbili zimekufa. Valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyomo ndani ya redio za kale. Huwaka polepole kama mkaa, na bila hivyo redio haitoi hata mkoromo.

Mwalimu alinieleza kwamba mjini kuna duka la ukoo wa Lalji, ambalo zamani liliuza redio, na huenda stoo yao bado ina valvu. Alinionyesha namba ya kutafuta kwenye kioo. Akaanza kunieleza jinsi ya kuitambua nzima na mbovu, lakini mimi nilikuwa tayari mlangoni na kanga begani, redio nimekwisha kuirudisha kwenye keria. Alinifuata mpaka kibarazani akisema, "Mama, subiri, kuna jambo kuhusu vichwa vyake." Nikamwambia vichwa tutavisoma kipindi kijacho. Furaha haina masikio.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani. Siku hizi wanauza nyuzi, zipu, balbu na viungio vya mabomba. Nyuma ya kaunta alikaa Bi Rozmin, mke wa mtoto wa mzee Lalji, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani kwanza, kisha za mifugo, ambayo sina, ndipo tukafika kwenye valvu. Alifurahi. Alisema tangu mkwe wake afariki hakuna aliyeziulizia, na akapanda ngazi mwenyewe kuzitafuta, nami nikiishika ngazi huku nikimwombea asianguke.

Alishuka na vitu viwili: boksi la karatasi na kopo la biskuti. Vyote vilikuwa na valvu za namba yangu. Zile za kwenye boksi zilikuwa na doa jeusi kichwani, linalong'aa kidogo kama masizi yaliyopakwa mafuta. Zile za kwenye kopo zilikuwa na vichwa vyeupe, vyeupe kama hostia.

Kila anayenunua balbu Dodoma anajua utaratibu. Muuzaji huichomeka kwenye soketi iliyopigiliwa kwenye kaunta, inawaka, unaiona kwa macho yako, ndipo unalipa. Baada ya hapo hakuna lawama. Soketi ilikuwepo, nami nikaomba zangu ziwashwe. Bi Rozmin akasema hizi hazishiki hapo, mpaka uwe na redio yenyewe. Nikamuuliza sasa nitajuaje kama ni nzima. Akanishauri nichukue za kwenye boksi, maana ndizo mkwe wake alizokuwa akiuza. Nikamuuliza, na za kwenye kopo?

"Hizo alizitenga," alisema. "Hakuniambia kwa nini."

Hapo nikajiona nimeerevuka. Mimi nimezaliwa sokoni, mama yangu aliuza karanga, na najua mwenye duka anavyotenga. Mchele mzuri uko chini ya meza, unamsubiri rafiki. Tena nilishaona balbu zilizoungua, jinsi kioo kinavyoingia weusi. Basi huyu mama ananisukumia zilizoungua, nyeupe anamwekea nani? Nilimwambia kwa heshima zote kwamba mimi nataka zilizotengwa. Alinitazama juu ya miwani.

"Binti yangu, mimi ningechukua za boksi."

"Mama, hizo zimeungua, mimi nasomea."

Hiyo "nasomea" niliisema kwa sauti ambayo namwomba Mungu anisamehe. Alitikisa kichwa, akanifungia nyeupe mbili kwenye gazeti, nikalipa, nikatoka nikiimba zaburi. Barabara ya Msalato niliiona fupi.

Jioni niliziweka mahali pake. Nilimwita Dorkasi awe shahidi, nikamwita Damas aache baiskeli ya watu, nikafanya ishara ya msalaba, nikawasha. Tukangoja. Damas alikaa mbele ya redio na mikono magotini kama mtu anayepigwa picha. Tuliendelea kungoja. Dorkasi akasema anasikia kitu, ikawa ni nzi. Redio ilikaa kimya kile kile cha Busi.

Damas alikung'uta kitambaa cha kufuma vizuri, akakirudisha juu ya redio, akakinyoosha pembe zote nne. Bora angenicheka.

Nilipomaliza kuwaza, hasira yote nilimpelekea Bi Rozmin. Nilisema ameniuzia takataka, kwamba wenye maduka ndivyo walivyo, na hata kwenye rozari nilikuwa na neno juu yake kati ya fumbo na fumbo. Kisha kipindi kikafika, nikaenda na valvu zangu nyeupe kumshtakia mwalimu.

Mwalimu Brighton aliziinua kwenye mwanga, akaziweka chini, akajifuta uso. Nikaona mabega yanacheza. Alisema ndilo lile jambo la vichwa. Ndani ya valvu hakutakiwi kuwa na hewa hata kidogo, na kiwandani huipaka kichwani dawa ya kuinyonya hewa iliyobaki. Dawa ikiwa hai, ni nyeusi na inang'aa. Hewa ikiingia, dawa hugeuka nyeupe, na valvu imekufa.

"Kwa hiyo nyeusi ndiyo nzima?" nilimuuliza.

"Ndiyo nzima, mama. Wewe umenunua maiti mbili, tena umezichagua mwenyewe."

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, mpaka benchi likaniacha. Nikiwa pale sakafuni ndipo nikaelewa na la pili. Yule mzee Lalji alitenga kweli. Ila hakumtengea rafiki zilizo nzuri. Alizitenga mbovu zisimfikie mtu.

Damas aliposikia narudi dukani alifunga kazi na kusema tunakwenda wote. Alisema anakuja kunitetea. Mimi namjua, alikuja kuangalia. Duka lolote lenye ugomvi kwake ni sherehe.

Tulipoingia, Bi Rozmin alivuta droo akatoa kifurushi, nyeusi mbili, zimekwisha fungwa.

"Hizi zinakungoja tangu siku ile," alisema.

Nilimwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini hakunikatalia. Akasema angenikatalia ningeondoka mikono mitupu na kwenda kuwaambia Msalato nzima kwamba kwa Lalji wanalazimisha watu kununua zilizoungua. Alisema mteja akikataa kwa mdomo, umwache akaone kwa macho yake, atarudi tu. Hata yeye siri ya weupe hakuijua. Alichojua ni tabia ya mkwe wake: embe lililooza alikula yeye, zuri aliliacha sahanini.

Mambo yalikuwa yameisha. Lakini Damas alikuwa amekuja na hotuba yake na hakutaka kurudi nayo nyumbani. Alijitanua kifua, akasonga mbele, akaonyesha kibao kilichotundikwa ukutani juu ya balbu.

"Na mngekataa kubadilisha ningewashangaa," alisema, "maana wenyewe mmeandika pale: mteja ni mfalme."

Kibao kilisema, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Nilihisi joto limenipanda masikioni. Kulikuwa na wateja wengine wawili, na mmoja alikuwa ameanza kutabasamu. Bi Rozmin aligeuka akakitazama kibao taratibu, kama anayekisoma kwa mara ya kwanza.

"Ndivyo, baba," alisema. "Ndivyo tunavyojitahidi." Kisha akamgeukia yule mwenye tabasamu na kumuuliza kwa ukali kidogo kama anataka zipu au hataki.

Tulitembea mpaka tukaivuka reli. Pale Damas akasimama.

"Kile kibao kinasemaje?"

Nilimwambia. Alinitazama, akatazama tulikotoka, kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta wa watu, machozi yakamtoka, na mimi nilipoona anacheka nikaungana naye, wapita njia wakatukwepa. Alisema amekuwa akiingia duka lile miaka yote kununua balbu, na kila mara kibao kile kinampa moyo. Akaanza kuuliza vingine. Na kile cha kijani? Na kile chenye mkono? Nilimsomea vyote hadi stendi. Jengo alilokuwa akilivulia kofia kila akipita, akidhani ni kanisa la wenzetu, lilikuwa ghala la magodoro. Tulichelewa sana kufika nyumbani.

Niliweka zile nyeusi. Safari hii sikumwita mtu, ila Dorkasi alikuja mwenyewe. Niliwasha. Ndani kukaanza kuwa na rangi ya chungwa, kidogokidogo, harufu ya vumbi linaloungua ikatoka, kisha mkoromo kama wa paka, na mara mtu akaongea. Dorkasi aliruka. Ilikuwa sauti ya mwanamume, safi, ya mbali, akizungumza lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Nilipiga magoti palepale. Baba mkwe alikufa bila kuisikia hata mara moja, na sasa ilikuwa ikiongea sebuleni kwangu kwa mikono yangu.

Damas alisogeza kiti, akatega sikio, akasikiliza kwa makini sana.

"Huyu anahutubia," alisema. "Mimi nilisema kuimba."

Dorkasi akabisha kwamba kwa kitu cha umri ule, kuongea ni kuimba. Damas akasema ahadi ni ahadi, isiongezwe maji. Nilizungusha kitufe. Nikampata mtu mwingine, naye anaongea, tena kwa kasi zaidi. Nikazungusha tena, mwanamke, anaongea. Nilimwomba Mungu wimbo mmoja tu, hata kama si wa dini. Dunia nzima jioni hiyo ilikuwa na maneno. Damas alikula ugali wake kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi, na mimi nikajilazimisha kushukuru kwa nilichopewa, nusu yake.

Kesho yake, saa ya kwenda darasani ilipokaribia, redio ilikuwa inaendelea na hotuba zake. Nilitoka chumbani nikamkuta Damas amesimama mlangoni. Ameoga, amevaa shati jeupe la Pasaka, na mikono yake ilikuwa imesuguliwa mpaka grisi yote imetoka kwenye kucha. Alikuwa anaitazama redio kwa wasiwasi.

"Twende upesi, Mama Elieth, kabla halijaimba," alisema. "Likiimba, Dorkasi atasema umenishinda kwa ahadi. Mimi nakwenda kwa miguu yangu."

Nilichukua kanga yangu, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo ili Damas asisikie akabadili mawazo, na nilipopita kwenye redio nikapunguza sauti mpaka mwisho.