Mlango wa Pili

Mimi ni seremala, na nimechoka. Vita vilipokwisha, vyama viwili vilivyokuwa vikiuana vilikubali kuunda serikali moja. Siku ya kikao cha kwanza wakuu wao walishinda nje ya ukumbi, kila mmoja akikataa kuingia nyuma ya mwenzake. Nikaitwa nitoboe ukuta, niweke mlango wa pili. Wakaupima kwa kamba, wakasema umezidi ule wa kwanza kwa upana wa kidole. Nikaung'oa, nikaanza upya.

Hatimaye wakaingia kwa pamoja. Kikao kikaisha, lakini hakuna aliyekubali kutangulia kutoka, maana atakayebaki ndani atabaki na muhuri wa serikali.

"Fundi, tuletee vitanda," mmoja akaniambia.

"Viwili," akadakia mwenzake. "Na vilingane."

Nyumbani nilimkuta shemeji yangu anapiga randa. Yeye alipigania chama kile, mimi hiki. Yeye hana mguu, mimi sina jicho. Nikamweleza habari ya vitanda, akauliza tutumie mbao zipi. Nikamwonyesha zilizobaki tulipotengeneza majeneza ya vijana wetu.

Akazipapasa kwa muda. "Basi hao wakuu tuwapime vizuri," akasema.