Mshono wa Kilomita ya Kumi na Nne

Fundi baiskeli aliingia kwenye karakana ya ushonaji akitembea kama mtu aliyebeba mayai mfukoni. Akaweka kifurushi juu ya meza ya kukatia. Alipoambiwa aketi, akasema anashukuru sana, ila amesimama vizuri tu.

“Kuna nini, mwanangu?” akauliza Mama Pindo.

“Nimerudisha ile kaptura, mama.”

Mama Pindo akaondoa mguu kwenye cherehani. Mama Pindo alikuwa na miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza mbele ya sindano. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo lake halikuwahi kwenda upande. Kashonea wanafunzi, wauguzi, mabibi harusi na mahakimu wawili. Aliyewahi kurudisha nguo yake alirudisha ili apanuliwe kiuno, na hilo ni jambo la mwili wa mtu, si kosa la mshonaji.

Safari hii kazi ilikuwa ngeni. Fundi baiskeli, kijana mrefu mwenye miguu myembamba ambaye watu walimwita Spoki, alikuwa katika kundi la watu kumi na wawili: wauguzi wawili, mwalimu wa hesabu, mpima ardhi na wengine wa namna hiyo. Siku za kazi kila mmoja huenda kazini kwa baiskeli, na Jumapili hutoka pamoja kwenda mbali. Kaptura za madukani zilikuwa zinawabana mapajani na kuwapwaya kiunoni. Wakaona bora washonewe zao, zenye sponji ya kukalia. Mama Pindo akashona moja ya majaribio, na Spoki akaenda nayo kilomita arobaini.

“Ina kasoro gani?”

“Inakata, mama.”

“Inakata wapi?”

Spoki akatazama dari. “Huko.”

“Huko wapi?”

“Huko… ukikaa.”

Wifi yake Mama Pindo, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa akishona vifungo pale dirishani. Alikuwa ameuma midomo tangu kijana aingie. Sasa akashindwa. Akaangukia rundo la vitambaa na kucheka mpaka kifungo kikamtoka mkononi. Kisha akainuka, akachukua mto wa kiti na kipande cha chaki, akamkabidhi Spoki.

“Shika. Jifanye huu mto ndio wewe. Tuonyeshe.”

Maskini kijana, jasho likimtoka, akachora mstari. Akautazama, akachora mwingine. Akakatisha wa tatu. Alipomaliza, mto ulikuwa kama ramani ya njia panda.

“Basi si useme panauma pote!” akasema wifi.

“Nikisimama iko sawa,” Spoki akajitetea. “Nikikaa kwenye benchi iko sawa. Lakini baiskeli ni habari nyingine. Mama, wewe hujawahi kupanda baiskeli?”

Mama Pindo akakunja tepu yake ya kupimia polepole. Hakuwahi. Kwao walikuwa na baiskeli moja na kaka watano. Kazi yake ilikuwa kushika kiti kwa nyuma na kukimbia, ili anayejifunza asianguke. Aliwafundisha wote watano, yeye akaambulia mbio.

“Sijawahi,” akasema. “Lakini leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Lete baiskeli.”

Wifi akadhani ni mzaha. Spoki pia. Lakini kesho yake alfajiri, kabla maseremala hawajafika, watatu hao walikuwa nyuma ya karakana, kwenye uwanja wa ghala la mbao. Spoki alileta baiskeli ya dada yake, ile isiyo na bomba la juu, akateremsha kiti mpaka Mama Pindo akaweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Kisha akatoa spana.

“Kwanza tunavua pedali. Utajisukuma kwa miguu kama bata, mwili upate kuzoea. Miguu ikishajua kwamba huanguki, ndipo tutazirudisha. Angalizo, ya kushoto hufunguliwa kinyume. Ukiilazimisha, unaiharibu.”

“Nipe mimi hiyo spana,” akasema Mama Pindo. Akaifungua mwenyewe, ya kushoto kinyume, akaridhika kama mtu aliyefumua mshono bila kuchana kitambaa.

Spoki akamvalisha kofia ngumu juu ya kilemba. Wifi akamzunguka akimkagua.

“Wifi, usikasirike. Umekuwa uyoga.”

“Uyoga ukipata mwendo utausikia.”

Siku ya kwanza uyoga haukupata mwendo. Ulikwenda hatua tatu na kuegemea rundo la mbao, hatua nne na kuegemea wifi. Siku ya pili Spoki alimwambia, “Mama, usitazame gurudumu. Tazama unakokwenda.” Hapo Mama Pindo akajipiga paja. Ndivyo alivyowaambia wanagenzi wake miaka yote: anayekodolea macho sindano hushona upogo, tazama kitambaa kinakoelekea. Kumbe ni jambo lile lile! Akainua kidevu, akajisukuma, akainua miguu yote miwili, na baiskeli ikamchukua yenyewe kutoka ukutani mpaka lango, kimya, kama siagi kwenye kikaango.

“Nimeruka!” akapiga kelele. “Wifi, umeniona? Nimeruka!”

“Umeteleza, wifi. Lakini umeteleza vizuri!”

Siku ya tatu walichelewa kuanza, pedali zikarudishwa jua likiwa limeshapanda. Spoki akamfundisha breki, ya kulia na ya kushoto, akamwambia azibane zote kwa pamoja, taratibu. Mama Pindo akarudia somo kama mtoto wa shule. Wifi akashika kiti kwa nyuma, wakaondoka, pedali moja, pedali ya pili, wifi akikimbia na kanga mkononi, mpaka sauti ya wifi ikasikika kwa mbali sana.

“Nilishakuachia zamani!”

Laiti asingesema. Furaha ilimpanda Mama Pindo kichwani na kufuta kila kitu kilichokuwamo, breki zikiwa za kwanza. Lango lilikuwa wazi, kwa kuwa lori la mbao ndiyo kwanza limeingia. Akapita pembeni yake, akatoka barabarani.

Fundi viatu akavuta miguu yake. Tarishi akakumbatia mfuko wake wa barua. Mama Pindo hakuweza kusimama, hakuweza kupiga kona, aliweza kitu kimoja tu, kwenda, na alikuwa anakwenda kweli kweli! Upepo uliingia kwenye mikono ya blauzi ukaijaza. Alitaka kulia kwa hofu lakini kila alipofungua mdomo kikatoka kicheko.

Mbele yake kulikuwa na gari dogo lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa, linatambaa kama linatafuta sindano barabarani. Alilijua. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake, na watu wote walimwita Mwalimu, hata mkewe. Siku hiyo alikuwa na karani wa benki, mwoga wa kupindukia. Karani mwenyewe alisimulia baadaye: Mwalimu alitazama kioo, akasema kwa upole, “Tulia. Usihangaike. Kuna baiskeli inakuja nyuma. Kaa upande wako, mpishe huyo mama.”

Huyo mama akapita. Hakuthubutu kupunga mkono, kwa hiyo akampigia kengele.

Karani akazima gari kwa mshtuko. Kichwa cha Mwalimu kikatoka dirishani.

“Mke wangu! Breki! Zote mbili! Taratibu!”

Sauti ile ilikuwa imesimamisha magari miaka ishirini, nayo ikasimamisha baiskeli. Mama Pindo akabana, gurudumu likalalamika, akashusha mguu mmoja chini. Kati yake na nguzo ya taa palibaki kiasi cha kupitisha mkasi.

Mwalimu akaja mbio, shati limechomoka. Alimkuta mkewe amelala juu ya usukani, mabega yanatikisika. Akadhani ameumia. Alipomwinua akakuta anacheka mpaka machozi yanatiririka.

“Umenipita bila kutoa ishara,” akasema Mwalimu, akichomeka shati.

“Lakini nimekupita.”

Akamtazama, kofia imemkaa upande na kilemba kimefunguka, na kicheko kikamkamata yeye pia. Wakacheka wote wawili kando ya nguzo, mpaka karani wa benki akashuka garini kuuliza kama somo limekwisha.

Jioni ile Mwalimu alimfundisha ishara za barabarani mezani, kwa vijiko na kikopo cha chumvi. Hakuna aliyezungumza habari ya kuacha.

Baada ya majuma matatu ya kujizoeza kila asubuhi, ikawadia Jumapili ya kutoka na kundi. Spoki akajaza upepo, akatia mafuta kwenye mnyororo, akaufuta kwa kitambaa mpaka ukabaki unang’aa bila kuchuruzika. Mama Pindo alikuwa amejishonea kaptura kama ile iliyorudishwa, mshono kwa mshono, na juu yake akavaa sketi nyepesi yenye mpasuo. Akawekwa nyuma, pamoja na mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa akihesabu kilomita kwa sauti kama dua.

Ya tano, hakuna kitu. Ya nane, hakuna kitu. Mama Pindo akaanza kumshuku Spoki kuwa ni mlalamishi. Ya kumi na moja kukawa na jambo dogo, kama mtu anayebisha hodi. Ya kumi na tatu likabisha kwa nguvu.

“Kumi na nne,” akasema mwalimu wa hesabu.

“Nimeupata!” Mama Pindo akapiga ukelele.

Msafara mzima ukafunga breki. Muuguzi mmoja akaruka chini na mfuko wa dawa.

“Umepata nini, mama? Umeumia wapi?”

“Mshono! Nimeupata mshono! Ndio huu, huu huu, usihame!”

Hakungoja msaada wa mtu. Akachechemea hadi choo cha kituo cha mafuta kilichokuwa kando ya barabara, chaki mkononi. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyezungumza na adui na kumjua kwa jina. Vipande vinne vya kitambaa vilikutana katikati kabisa, mahali mwili unapokaa, na kila paja lilipopanda na kushuka lilipita juu ya makutano hayo kama tupa juu ya chuma. Mtu aliyesimama asingeujua. Mtu wa kwenye benchi pia.

“Mwanangu,” akamwambia Spoki mbele ya watu wote, “naomba radhi. Umekwenda na kitu hiki kilomita arobaini ukarudi na adabu zako. Mimi kumi na nne tu nimetaka kutukana.”

Wakarudi. Kwenye mlima, akiwa anabadilisha gia huku amekanyaga kwa nguvu zote, mnyororo ukachomoka. Spoki akageuka kuja. “Niache!” akaambiwa. Mama Pindo akasukuma mbele kile kijimkono cha nyuma kinachokaza mnyororo, mnyororo ukalegea, akaupachika kwenye meno, akazungusha pedali kinyumenyume mpaka ukashika. Miaka thelathini hakuwa ameacha mafuta machafu yamguse vidole, kwa kuogopa kuchafua nguo za watu. Sasa akanyoosha vidole vyake kumi vyeusi juani, akavigeuza huku na huku kama bibi harusi anayetazama hina.

Halafu wakafika kileleni, na ukabaki mteremko.

Barabara ilikuwa pana, imenyooka, haina gari. Akashika breki kidogo, akaachia kidogo, kama alivyofundishwa. Magurudumu yakaanza kuimba. Machozi ya upepo yakamwendea masikioni. Hakuwa na wateja wala uzi uliokatika, na hakukuwa na kaka wa yeye kumkimbilia nyuma akimshikia kiti. Akafungua mdomo akapiga vigelegele, mfululizo, kutoka juu mpaka chini. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa mbele, akatazama kulia na kushoto akitafuta harusi.

Jumatatu akafumua kila kitu. Akakata upya: kipande kimoja kizima kutoka mbele hadi nyuma, mishono yote ikahamishwa pembeni mwa mapaja, ikalazwa bapa. Sponji ikawa moja, na kingo zake akazinyoa kwa mkasi mpaka zikawa nyembamba kama ulimi. Wifi akasema mtu aliyekonda hivyo kwa ajili ya makalio ya wenzake hajawahi kumwona, akapewa uzi aendelee na kazi.

Spoki akaijaribu Alhamisi, akifuatana na mpima ardhi aliyekuwa likizo. Alirudi saa kumi alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaanza kusimulia: ameona daraja jipya, amefukuzwa na bata mzinga, mpima ardhi amepata pancha mbili. Maneno yakamtoka bila kituo. Mama Pindo akangoja, akangoja, uvumilivu ukamwisha.

“Na kaptura je?”

“Kaptura ipi?” akauliza Spoki. Kisha akajitazama. “Aa! Nilisahau kama nimeivaa.”

Mama Pindo aliyesifiwa na mahakimu wawili hakuwahi kusifiwa hivyo. Akageukia ukuta, akajifanya anapanga nyuzi.

Kumi na mbili zikakamilika, akaongeza ya kumi na tatu ya kwake. Wifi akataka ya kumi na nne, akajieleza kwamba ni ya kukalia tu wakati wa kushona vifungo, lakini keshoye alfajiri alionekana kwenye uwanja wa mbao na kofia kichwani, akimfokea Spoki asimwachie.

Kutoka karakana hadi nyumbani kwa Mama Pindo ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa baiskeli. Siku hizi akifunga kazi hutumia arobaini. Mwalimu humngoja mlangoni na kumuuliza alipitia njia gani.

“Zote,” humjibu, na kuegemeza baiskeli ukutani.