Masizi ya Udi

Mwanamize alikuwa edani, na mwanamke wa edani hatoki kwenda kununua bakuli. Akamtuma bintiye, Shurooq, kwa muuza vitu vya kale mtaa wa Qurum, akalikomboe bakuli la marehemu mumewe, Asaad. Anas, mtoto wa Asaad kwa mke wa mwanzo, ndiye aliyeliuza walipogawana mirathi. Hakuwa na ubaya Anas. Yeye aliona shaba nyeusi tu.

Lilikuwa bakuli la Kiingereza, la zaidi ya miaka mia, kazi ya mafundi waliochoshwa na mashine wakarudia nyundo. Wenziwe Asaad wangeliweka kabatini. Yeye akalifanya chetezo, kila Ijumaa akiifukizia kanzu yake udi. Ndani likaganda masizi, na masizi yale yalinukia kama shingo yake.

Harufu hiyo ndiyo aliyoitaka Mwanamize. Kanzu zimeshatolewa sadaka, mito imeshafuliwa, hakuna pengine pa kumpata. Lakini atasemaje? Mjane aliyekatazwa manukato amwambie mwanawe nna hamu ya kumnusa babako? Haya zikamfunga mdomo. Akasema analitaka bakuli, basi.

Shurooq akapiga simu kutoka dukani. Mwenye duka anajivuna na bei yake, alisema, na yeye Shurooq anamtolea ila ya masizi yale yale mpaka ashuke bei. Mwanamize akamwambia ampe atakacho, arudi upesi. Neno la pili lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

Alingoja kutwa. Shurooq aliingia baada ya Magharibi, uso umemchanua, bakuli linameta. Kumbe alipitia nyumbani kwake Ghubra akalisugua kwa ukwaju na chumvi, kama bibi yake alivyomfunza. Mzazi hapelekewi shaba chafu.

"Nimelitoa uchafu wote, mama."

Mwanamize akaliinamia, akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Ukwaju mtupu. Alihisi Asaad amezikwa mara ya pili, na safari hii kwa mapenzi. Machozi yakamtiririka, na Shurooq, maskini, akadhani ni furaha.

"Umelipenda?"

"Nimelipenda, mwanangu. Mungu akuwekee mikono yako."

Akaikamata mikono ile, akaibusu, na katika kuibusu akainusa, kidole baada ya kidole, huenda masizi kidogo yamesalia kuchani.