Nafasi ya Kumbukumbu za Kweli

Kila Jumatatu asubuhi katibu wa idara yetu hubandika karatasi ya Fursa na Matukio kwenye ubao ulio kando ya choo cha wanaume, na kila Jumatatu mimi huwa nimeshafika. Nasimama pale nikivuta harufu ya dawa ya choo, nasoma: shindano la hadithi fupi, semina ya tafsiri, wito wa makala kuhusu riwaya ambazo hakuna anayezisoma tena, warsha ya mashairi, uje na chakula chako. Katibu ameshanizoea. Ananiita Mama Fursa, hata mbele ya wahadhiri.

Wao wacheke tu. Mimi maji yalikuwa yamenifika shingoni. Shahada yangu ya uzamili, Kiingereza na uandishi wa kubuni, ilikuwa inaisha pamoja na mwezi, na ufadhili nao, na chumba cha bweni nacho. Nilikuwa nimeomba kila kitu kilichowahi kubandikwa pale. Majibu yote yalianza kwa kunisifu. "Tumevutiwa mno na sauti yako," wanasema, halafu inakuja "hata hivyo", na ukishaiona hiyo huna haja ya kuendelea. Nyumbani mama alikuwa amechoka kuwaeleza majirani ninasomea nini. Mtu mzima na akili zake, bado anajifunza Kiingereza! Dada yangu, anayekata tiketi kwenye ofisi ya mabasi, alishaniambia kochi la sebuleni kwake lipo, na dirisha la pili la tiketi halina mtu, siku nitakapokubali kujishusha.

Sikutaka kujishusha. Nilitaka kuandika kitabu changu, na nilikitaka mpaka usingizi ukanipaa.

Ndipo ikabandikwa ile moja. Nyumba ya waandishi, nchi ya mbali, mwaka mzima: chumba, meza, chakula, na mhariri wa kukaa na wewe mpaka kitabu kitoke. Mhariri mwenyewe angekuja idarani kwetu, wanafunzi wasome kazi zao jukwaani, na angechagua mmoja kabla hajaondoka. Nilikwenda mbio kwa msimamizi wangu, ambaye sote tunamwita Wino Mwekundu kwa jinsi anavyochafua kazi za watu.

"Umechelewa," akasema bila kuinua macho. "Nafasi za hadithi za kubuni zimejaa."

"Lakini mwalimu, karatasi imebandikwa leo!"

"Na barua pepe ilitumwa Ijumaa. Wewe ndiye peke yako unayesoma ubao." Akapekua majina. "Imebaki nafasi moja kwenye kumbukumbu za kweli. Ile kazi yako ya binti anayekunja nguo za marehemu mama yake, ile si ni ya kweli?"

Haikuwa ya kweli hata kidogo. Niliiandika kwa ajili ya semina yake, na katika semina ile wazazi hufa ovyo ovyo; sijaona mwanafunzi aliyepata alama za maana kwa mama mwenye afya njema. Kwa hiyo nilimchukua mama yangu kama alivyo, na sweta yake ya kijani, na vipande vya chaki vilivyokuwa vikibaki mfukoni enzi zile anafundisha shule ya msingi, na namna anavyojikohoza kabla ya kumsema mtu. Halafu ukurasa wa pili nikamuua kwa ugonjwa wa figo.

"Ni ya kweli," nikasema.

Wino Mwekundu akavua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanitazama kwa huruma. "Pole sana, binti. Hukutuambia."

"Sipendi kulizungumza."

Akaandika jina langu. Nilitoka pale nusu aibu, nusu furaha, nikijiambia kwamba mama yuko zake nyumbani na mambo ya idara hayatamfikia. Sikujua kuwa idara ingeweka tangazo mtandaoni, na picha yangu juu yake, na kwamba dada yangu, anayeshinda na simu pale dirishani, angeliona.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, chupa za maji mezani, joto la alasiri. Mhariri alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi na kalamu isiyopumzika. Mwenzangu wa mashairi alishamaliza, mimi nikaitwa, nimesimama na karatasi zangu mkononi, ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia dada na sare yake ya kazini. Nyuma yake akaingia mama, amevaa sweta ya kijani.

Dada alinipungia mkono. Wakaja moja kwa moja hadi mstari wa mbele, maana mama ni mwalimu na nyuma ya darasa hapajui. Akakaa, akapakata mkoba, akanikonyeza. Alikuwa amejaa fahari mpaka uso unang'aa.

Nilifikiria kuzimia. Nilifikiria kweli, nikaangalia na sakafu kama ni safi. Kazi nyingine sikuwa nayo mkononi, na jina langu lilikuwa mbele ya mhariri, chini ya neno "kumbukumbu". Nikafikiria lile kochi la dada. Nikafikiria dirisha la pili la tiketi. Nikaanza kusoma.

Mama alifundisha Kiingereza maisha yake yote ya kazi, kwa hiyo hakuna sentensi iliyompita. Nilipofika hospitalini aliacha kutabasamu. Nilipofika mahali binti anapokuta vumbi la chaki ndani ya mfuko wa sweta, mtu fulani huko nyuma alianza kupenga kamasi, na mama akauangalia mfuko wake mwenyewe. Dada, aliyekuwa akinipiga picha, akaishusha simu polepole. Sauti ilinitetemeka mpaka mwisho, na watu wakadhani ni msiba.

Walipiga makofi wamesimama. Niliposhuka jukwaani dada ndiye aliyenifikia kwanza.

"Umemuua mama?" akaninong'oneza, amenishika mkono hadi unauma. "Umewaleta watu waje wamlilie, mwenyewe amekaa pale?"

"Figo," akasema mama. Alikuwa amesimama nyuma yake, ametulia mno. "Figo zangu ni nzima. Mgongo ndio unaonisumbua."

Sikujua kama ananitania au kama anataka kulia. Nilifungua mdomo kumwomba radhi, na hapo hapo mhariri akawa ameshafika, akanikumbatia kama aliyenijua tangu utotoni.

"Pole, mwanangu, pole. Wangu nilimzika nikiwa na umri kama wako." Akafuta macho. "Nimeshachagua. Ni wewe. Kitabu kitaanza na kipande hiki hiki, na picha ya marehemu mwanzoni, kama ipo. Ila naomba uniambie jambo moja tu, tuelewane. Safari iliyopita kuna mtu alitudanganya, tukalazimika kumrudisha kwao. Hakuna ulichobuni humu?"

Ndiyo haikutoka, na hapana haikutoka. Mhariri akasubiri, kisha akamgeukia mama kwa adabu.

"Samahani, mama, wewe ni ndugu yake?"

Mama akaniangalia. Alinitazama kwa kirefu, jinsi alivyokuwa akimtazama mtoto aliyekamatwa anaiba jibu kwa mwenzake. Halafu akajikohoza. Nikajua yamekwisha, nikafumba macho.

"Mimi ni mama yake mdogo," akasema. "Marehemu alikuwa dada yangu."

Dada akashtuka, "Ma..." na mama akamkanyaga mguu.

"Yote aliyosoma ni kweli," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani. "Nilikuwepo. Alimpenda sana huyu binti. Hata alipokuwa hajiwezi alikuwa anauliza, je, amemaliza kuandika? Na picha zipo. Nitakutafutia nzuri, ile aliyopigwa siku anastaafu."

Mhariri akamshika mikono miwili, akampa pole. Akaja Wino Mwekundu akampa pole. Akaja katibu wa idara, amevimba macho, akampa pole. Mama akapokea zote, moja baada ya nyingine, kichwa ameinamisha, anajibu, "Asante, asante, tumeshapoa." Mimi nimesimama kando, nimepewa mwaka mzima wa chumba na meza, na nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Dada alishindwa kuvumilia. Alitoka nje analia kwa hasira, bila kutuaga.

Nilimkuta mama kwenye korido, anafunga vifungo vya sweta japo joto lilikuwa kali.

"Mama," nikasema. "Mama, nisikilize. Narudi ndani sasa hivi, namwambia ukweli."

"Umwambie, halafu uende wapi?"

"Sijui. Kwa dada. Popote."

"Ulilitaka jambo hili kiasi cha kunizika. Sasa limepatikana, lichukue." Sikumsikia akipandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha. "Na usiniite hivyo hapa. Watakusikia."

Akageuka, akaanza kushuka ngazi, mkono mmoja ukutani, mwingine mgongoni. Ngazi zilikuwa zimejaa wanafunzi wenzangu, na mhariri alikuwa ametoka na kusimama mlangoni, ananitazama kwa upole. Nilikitaka kile chumba. Hata wakati ule, nikimwona mama anashuka peke yake, nilikitaka, na nilijichukia kwa hilo.

"Mama mdogo," nikaita. "Nisubiri."

Akasimama, akanisubiri.